Majani ya Ayirisi ya Mama Yako

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, na uniwie radhi kwa kukuandikia tena kabla hujanijibu. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti.

Ayirisi za Kiholanzi, yale maua ya buluu aliyopanda marehemu mama yako, hazikuchanua mwaka huu. Zimetoa majani matupu kama nyasi. Nilimwita jirani yetu, muuza miche, azitazame.

"Mzee, mwaka jana maua yaliponyauka ulifanya nini?"

Nikamjibu kwamba niliyakata majani siku ileile, bustani ipate kuwa nadhifu, kama tulivyofunzwa na mapadri shuleni. Akacheka.

"Basi umeviua vitunguu vyake vya chini ya udongo kwa njaa. Majani huvilisha mpaka yakauke yenyewe. Usafi mwingine ni uchoyo, baba."

Hapo, mwanangu, nilikumbuka nguo za mama yako. Nilizigawa zote siku ya tatu baada ya mazishi, nawe ungali safarini, ukafika ukakuta kabati tupu. Nilidhani nakupunguzia uchungu, kumbe nilikunyima. Nakuomba unisamehe.

Ayirisi moja tu ilichanua, nyuma ya pipa la maji kando ya njia, mahali ambapo mkasi wangu haukufika. Ua lake la buluu limekwisha kunyauka, na majani yamegeuka manjano, yamelala yakaziba njia ya mlango wa mbele. Sijayagusa. Ukija, tafadhali pitia mlango wa jikoni, siufungi.

Ni mimi baba yako, ninayekungoja.