Nondo Aliyenitia Mashakani

Forest, Bruxelles
Mwezi wa kumi, 1999

Kwako Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu wewe na mutoto wetu. Mimi ni mzima, nakula, nalala. Nyinyi muko aje? Neema amepona kikohozi? Kila wanapotaja Bukavu kwenye redio nasimama kusikiliza, kwa hiyo ukipata mtu anayekuja huku, mpe hata mistari miwili. Barua hii anakuletea Maman Odette, tunayesali naye.

Alors, nikupe habari za kazi. Leo zinachekesha, ingawa mwezi wa nane sikucheka.

Unajua nilikuwa bado kwenye majaribio katika bustani za komini, serikali ya mtaa wa hapa. Kwenye uwanja tunaoutunza kuna miti mikubwa ya kivuli, wanaiita marronniers. Mwezi wa tano chef, msimamizi wetu wa kazi, alinituma nipulizie dawa ya kuua magugu kwenye vijia vilivyo chini yake. Nikafanya alivyosema. Bon, mwezi wa nane, joto bado kali, majani ya miti ile yote yakageuka kahawia na kuanza kuanguka.

Mzee mmoja, Monsieur Gaston, ambaye kila siku huketi pale na mbwa wake, akanisimamisha mbele ya watu.

"Nilikuona na pampu yako. Umeiua miti hii."

"Monsieur, nilipulizia magugu tu."

"Ilikuwepo kabla baba yangu hajazaliwa," akasema, akanipa mgongo.

Akapeleka malalamiko komini. Chef, ambaye si mtu mbaya, akaniita pembeni. "Dawa uliipima vizuri?" Nikamwambia niliipima. Akakuna kichwa. "Wakisema ni dawa, sitaweza kukutetea."

Ndiyo maana siku zile sikukuandikia. Bila kazi ya kudumu, karatasi zenu za kuja zisingesogea, na sikujua nikuambie nini.

Ikabidi aitwe mwanamke mmoja, mtaalamu wa wadudu. Alichuma jani, akalielekeza juani. Yale madoa ya kahawia yalikuwa kama vifuko, na ndani ya kila kimoja kitu kilikuwa kinajipinda. Akachana ngozi ya jani kwa ukucha, akatoa kiwavi bapa, mdogo kuliko punje ya mchele. Kisha akagonga shina, vidudu vikaruka kama vumbi, akanasa kimoja kwenye kichupa, akanipa lupu, kioo cha kukuzia vitu, nitazame.

Mama Neema, ni mzuri. Ni nondo, lakini kope yako inamshinda urefu. Mabawa yake ni rangi ya shaba, yana mistari myeupe iliyotiwa wanja mweusi ukingoni, na nywele za kichwani zimesimama kama za mtu aliyeamka sasa hivi.

"Ni ndugu wa vipepeo," mtaalamu akatueleza, "ila ukoo wake ni wa nondo wadogo ambao watoto wao huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini. Amepewa jina si zamani, baada ya kuonekana Makedonia, kando ya ziwa. Tangu hapo amefika Austria, Ujerumani, na sasa kwetu. Nafikiri hudandia magari."

Chef akauliza, "Donc si dawa?"

"Si dawa. Na miti haitakufa, itachipua tena. Lakini kusanyeni majani yote yaliyoanguka muyachome, maana humo ndimo anamojificha wakati wa baridi."

Monsieur Gaston alikuwa nyuma yetu, akasikia yote. Kesho yake nilipofika na reki, nilimkuta ameshakusanya rundo zima, mbwa amelala juu yake.

"Nilikusema vibaya mbele ya watu," akaniambia. "Sasa wanione nikifanya kazi na wewe, mbele ya watu."

Nikamwambia aanzie kivulini, jua lisimsumbue. Mpaka leo tunafagia pamoja. Ananifundisha Kiflamand, lugha ya pili ya hapa, na maneno mengine chef amenikataza kuyarudia.

Wiki iliyopita nilipewa mkataba wa kudumu. Niliupeleka mara moja ofisi ya wageni, wakaifungua dossier yenu, lile faili la karatasi za kuja, wakasema sasa haipungui kitu.

Nisalimie baba mkwe, shemeji fundi wa cherehani, na mama mkubwa anayekaa nanyi. Na Neema umuanzishe kuvaa soksi za baridi ya huku, kutwa nzima, hata akilia.

Mumeo,
Papa Neema