Fulana Nyekundu za Gongoni

Dada Mwanahawa, shikamoo. Nimefika Tabora mzima. Asali nimeionja, na joto limenionja.

Jana hapa Gongoni palikuwa na sherehe ya kuhamasisha watu wachangie damu. Ngoma, hotuba, fulana nyekundu za bure! Mashemeji zangu wote walizivaa wakacheza mpaka vumbi likatimka. Sindano hakuna aliyeisogelea.

Leo shemeji Siwema kajifungua, damu ikamtoka nyingi. Muuguzi akasema friji ya damu ni tupu, ndugu wajitokeze. Wakaja na fulana zao. Mmoja ana presha, mwingine ana mafua, wa mwisho kakumbuka mizinga yake ya nyuki kule Usinge. Kisha wote wakanigeukia mimi mgeni: “Wewe Mzaramo ni mtani wetu tangu enzi za misafara. Mtani hamtupi mtani!”

Nikapimwa, nikafaa, nikajilaza. Jioni Siwema akafumbua macho: “Mmenitia damu ya Kizaramo nini? Mbona nasikia uvivu?” Nikacheka huku machozi yananitoka.

Nikaomba na mimi fulana. Nikaambiwa zimekwisha.

Mungu akupe afya, dada. Ila ukiugua, tafuta mtani. Mwenye fulana muache acheze.

Mdogo wako,
Shomari