Saa za Ofisi

Shoga, nimefeli hesabu tena. Kozi ya uuguzi ndiyo basi, hawanichukui.

Lakini si hilo linaloniliza.

Nimekutana sasa hivi na mwalimu wangu wa hesabu, Lindqvist, hapa nje ya chuo. Akaniuliza, "Odalys, mbona hukuja hata siku moja saa za ofisi?"

Nikamwambia, "Sikutaka kukusumbua, mwalimu."

Akanikodolea macho. "Kunisumbua? Saa hizo ni zenu! Nakaa pale nawasubiri mje niwaeleweshe."

ZETU, Graciela! Saa za ofisi ni za wanafunzi!

Mimi nilidhani ndizo saa ana kazi zake, asiguswe. Nani angeniambia? Mama kutwa anachuma zabibu za watu, na baba hata shule ya msingi hakumaliza. Kwetu sisi ofisi ni mahali unapokaa nje mpaka uitwe.

Halafu akasema polepole, "Nilikuwa naacha mlango wazi."

Naujua ule mlango, shoga. Kila Jumanne, karatasi yangu imejaa wino mwekundu, nilikuwa napita pale kwa kunyata, nisimpigie kelele.