Bakuli la Ilgonis Ghalani

Dzelmene, Vidzeme,
Latvia.
9 Novemba

Mpendwa kaka Ilgonis,

Pokea salamu za nyumbani. Hali yako huko Ireland ikoje, na mgongo umepata nafuu? Sisi wazima, ila Shangazi Zenta bado anakohoa. Barua zangu za kiangazi hukujibu, na simu yako haipokelewi. Kanisani wakiuliza kama u hai, nawajibu ndiyo, kwa sauti kubwa.

Ukarabati wa ghala la nafaka la kabaila wa zamani umekamilika. Tumekwangua kutani chumvi ya mbolea iliyorundikwa humo enzi za shamba la pamoja, tukapaka chokaa. Jumamosi tunafungua mkahawa. Mlango tumeuacha ule ule, wenye majina yaliyochongwa na wabeba magunia, hadi ya babu na baba. Lako pia lipo, lile ulilochonga utotoni ukachapwa.

Shangazi alitaka wafu wa ghala, wenye majina yale mlangoni, wale kabla ya wageni, kama desturi yetu ya vuli. Jioni moja tuliwawekea mkate mweusi, uji wa shayiri na njegere za kijivu. Macho yake hayaoni vizuri, akawa anapapasa mlango na kuwaita mmoja mmoja. Baada ya baba, akakuita wewe.

Unajua mwiko: akiita, hakuna kunena. Hivyo hatukuweza kumsahihisha.

Mlo ukiisha, huwaaga kwa majina warudi walikotoka. Wote aliwaaga. Kwako akakwama. "Velta, nitamwambiaje mtoto aliye hai aende makaburini?"

Bakuli lako hatukuthubutu kuliondoa. Tukilijaza, asubuhi tunalikuta limelambwa.

Fundi Gunvaldis alicheka. "Panya huyo, dada! Mapishi yako yamempendeza." Akapanda darini na mtego. Alishuka bila kofia yake.

"Tega mwenyewe," akaniambia. "Huko juu kuna mtu anapiga mluzi, ule wa Ilgonis wa kuitia ng'ombe."

Shangazi anasema aliyeitwa kimakosa akiwa hai sharti ale fungu lake kwa mkono wake, kisha atoke mwenyewe kwa mlango ule. Jana alitaka kukuaga pamoja na wafu. Nimemsihi angoje hadi Jumamosi asubuhi. Nisipopata neno lako, sitakuwa na la kumzuia.

Mjomba Arvīds na Gunvaldis wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, kwa maana naamini utakuja.

Ukifika, niite jina langu tangu uwanjani, nijue ni wewe. Huyo wa darini hajaniita hata mara moja.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukungoja,
Velta