Taa ya Kichwani Ndani ya Kisima

Jumanne usiku, Chang'ombe

Leo nimenusurika kisimani, na hata hofu siisikii.

Taa yenyewe sina ugomvi nayo. Mzungu wa mradi wa maji aliniachia alipokuwa anarudi kwao, na Dodoma hii nani mwingine anayo? Unaifunga kichwani, mikono yote miwili inashika sururu, na mwanga unafika mpaka chini. Ubaya niliokuwa naujua ni kula betri, na ukimwamkia mzee unampofusha.

Leo tulikuwa Ipagala tunachimba kisima. Kaka Yona, mwenzangu wa kazi, akawasha koroboi aitangulize kwa kamba, maana ikizimika huko chini ujue hakuna hewa, hushuki.

Nikamwambia, "Kaka, hayo ya wakati wa foleni za sukari. Sasa ni soko huria, sisi tuna umeme kichwani."

"Haya, mheshimiwa mbunge, shuka."

Nikashuka. Nakumbuka miguu ikilegea, kisha nimelala juu ya udongo, Yona ananimwagia maji. Bahati kamba ilikuwa kiunoni.

Anasema alichelewa kunivuta kwa sababu kila akichungulia aliona taa inawaka vizuri, akajua nipo kazini. Koroboi ingezimika. Hii iliendelea tu kuwaka.

Alishtuka aliponitania nisijibu. Eti mimi nikinyamaza, basi nimekufa.

Jioni Mama naye ameniuliza mbona niko kimya. Nimemwambia ni uchovu.