Binti Yangu Ataosha Vyombo Amesimama

“Binti anayeosha vyombo amesimama wima hakulelewa, alisomeshwa tu.”

Maneno hayo si yangu. Ni ya shangazi yake Fabiani, kijana aliyemposa binti yangu Paulina. Aliyasema Jumamosi iliyopita uani kwangu, akiwa ameshiba pilau yangu, mbele ya wanawake wa kwao na wa kwetu. Nimeyabeba tangu siku hiyo. Leo nayatua hapa, kwenye shajara yangu ya mtandaoni.

Ni Alhamisi. Karatu imeamka na ukungu, ule wa Julai unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala juu ya mabati mpaka saa nne. Maji ya bomba yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Nimeosha vikombe vya chai nikiwa na hasira, na kimoja kimepasuka. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Sababu ya hasira ni mshenga wao. Alifika kabla ukungu haujaondoka, akanywa chai, akaulizia mahindi, akasifia ndama wetu, kisha akatoa alichotumwa. Upande wa Fabiani umeumia. Kabla mazungumzo ya ndoa hayajaendelea, wanataka Paulina aende Kansay kwa shangazi, akae wiki moja, aoshe vyombo vya nyumba ile kama wanawake wanavyoosha. Maana yake ameinama, beseni likiwa chini. Wiki ikiisha, shangazi ataridhika. Asipokwenda, posa imekwisha. Jibu wanalitaka Jumapili.

Nilimsindikiza mzee wa watu hadi barabarani kwa heshima zote. Yeye ni mjumbe tu.

Niseme ilivyokuwa, maana nasikia huko Kansay inasimuliwa kwamba binti yangu alimtukana mtu mzima.

Nyuma ya jiko langu kuna meza ya matofali na saruji, kimo chake kinafika kiunoni. Juu yake yanakaa mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia. Pembeni kuna kichanja cha miti, vyombo vinaanikwa hapo vikauke kwa jua na upepo. Uso wa meza umelala kidogo upande mmoja ili maji yatiririke kwenda kwenye migomba. Basi. Ndiyo maajabu yote ya nyumba yangu.

Siku ile tulipomaliza kula, wanawake tulitoka na vyombo. Paulina akakunja mikono ya gauni, akaanza na glasi kabla maji hayajaingia mafuta, kama nilivyomfundisha. Shangazi akamtazama, mkono kiunoni.

“Wewe binti, unaosha vyombo au unasoma misa? Umesimama kama padri altareni.”

“Shangazi, padri naye wangemwekea altare chini, misa ingekuwa fupi sana.”

Wanawake walicheka. Hata wa kwao walicheka, mmoja mpaka akajishikilia kwenye mgomba. Kosa lote la Paulina ni hilo: alijibu, na watu wakacheka.

Shangazi hakucheka. Alilishika beseni la sabuni, glasi zikiwa ndani, akalishusha chini kwenye udongo. “Shuka. Huko unakokwenda hakuna kaunta ya baa.”

Kuku wakaja mbio wakidhani ni makombo.

Paulina akafuta mikono. Akasema, “Samahani, shangazi,” kwa sauti ya chini kabisa, akaliinua beseni, akalirudisha mezani, akaendelea na glasi. Ndipo likatoka lile neno la kulelewa na kusomeshwa. Fabiani alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, anamenya chungwa. Nilimwona, lakini siku hiyo macho yangu yote yalikuwa kwa shangazi.

Nimtendee haki huyu mama. Anajua kuosha. Nimewahi kwenda kwake. Sufuria zake anazisugua kwa majivu hadi unaona meno yako kwenye kitako, na hana haja ya stilwaya wala sabuni ya kununua. Angesema Paulina anaacha masizi, ningenyamaza. Angesema anasuuza mara moja na povu linabaki, ningemkemea binti yangu mwenyewe. Lakini hakutazama vyombo. Alitazama mgongo.

Sasa nizungumze juu ya mgongo.

Mama yangu mzazi aliosha vyombo ameinama tangu alipoweza kushika dodoki. Aliosha hivyo akiwa na mimba zetu, aliosha hivyo akitoka shambani, aliosha hivyo siku za misiba wakati wanaume wameketi kwenye viti vya kuazima. Mgongo ulianza kukataa kunyooka jioni, kisha ukakataa mchana, kisha ukakataa moja kwa moja. Miaka yake ya mwisho hakuweza kutuona usoni bila kushika ukuta. Alitutambua kwa viatu. Ukiingia na viatu vipya aliuliza, “Nani huyu?”

Mwaka uliofuata baada ya kumzika nilimwita fundi. Nikamwambia ajenge meza, nikamwonyesha kwa mkono wapi iishie.

“Mama, unafungua genge?”

“Naosha vyombo.”

Alicheka mpaka mwiko ukamdondoka. Lakini alijenga, na kabla ya kuondoka alisimama mbele ya meza ile, akajifanya anaosha sahani. Mke wake alikuja kuiangalia wiki ileile.

Wanaoniambia kuinama ni malezi wanieleze: malezi haya mbona yamewekwa kwenye kiuno cha mwanamke peke yake? Fundi baiskeli pale stendi ameipandisha baiskeli kwenye chuma ili asiiname. Muuza nyama ameliinua gogo lake mpaka usawa wa mkanda. Fundi seremala ana benchi lake, karani wa kanisa ana meza yake. Sijasikia mtu akienda buchani kumwambia muuza nyama kwamba hakulelewa.

Nina rafiki wa Soitsambu, Mmasai, ambaye kibuyu chake cha maziwa hakijawahi kuonja sabuni. Anakisugua ndani kwa kijiti chenye kaa la moto, moshi unabaki humo, na maziwa yanatoka na harufu ambayo ukiizoea huitaki nyingine. Anafanya kazi hiyo ameketi, miguu ameinyoosha mbele, anapiga soga. Ukimwambia ainame atakuuliza amepoteza nini. Kila nyumba ina namna yake, na chombo kikitoka safi, namna hiyo imefaulu.

Halafu kuna hili, ambalo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Kabla hatujatoka uani, tukiwa bado tunakula, shangazi alijisifu kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Alisema Fabiani alipomaliza kidato cha nne aliingia kazini kwenye lodge ya watalii, akaanzia kuosha vyombo vya wazungu, akavumilia, na leo anamsaidia mpishi mkuu. Wote tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu namheshimu kijana aliyeanza na sufuria zenye ukoko.

Lakini aliosha vipi, jamani? Nimewahi kuingia jikoni kwenye lodge. Masinki ni ya chuma, yanafika kiunoni, maji ya moto yanatoka ukutani, na vijana wamesimama wima, wamevaa aproni na glavu. Hakuna anayeinama. Meneja hawezi kuruhusu, maana kijana akiumia mgongo kazi inalala.

Kwa hiyo sahani ya mtalii ikioshwa na mwanamume aliyesimama, hiyo ni ajira, na tunaipigia makofi. Sahani ya shangazi ikioshwa na mwanamke aliyesimama, hicho ni kiburi, na tunatuma mshenga.

Hapana.

Mume wangu alinisikiliza mchana mzima nikizunguka jikoni na hoja zangu. Yeye ni mtu wa amani. “Mama Paulina, ni wiki moja tu. Ainame, arudi, tuoze.”

“Basi nenda wewe.”

“Mimi sina mchumba Kansay.”

“Una mgongo.”

Alicheka. Kisha akaona sicheki, akachukua kofia yake akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nikiri jambo moja hapa, kwa kuwa ndiyo kazi ya shajara. Naogopa. Nimeshinda mabishano mengi: kwenye vikao vya shule, kwenye jumuiya, na humu kwenye blogu, ambako wapo wanaume bado wamenuna. Sijawahi kubishania kitu ambacho nikikishinda mwanangu ndiye atakayelia. Paulina anampenda huyu kijana. Fabiani anapopiga simu, sauti ya binti yangu inabadilika, na mimi nasikia hata nikiwa chumba cha pili.

Tena naijua hila ya hasira yangu. Inapenda umati. Inaweza kumtoa mtoto wangu kafara ili niandike aya moja nzuri.

Basi jioni hii, jua lilipopata nafasi kidogo, nilimfuata Paulina uani. Alikuwa mezani, anaosha. Nikatazama kichanja: kitupu. Nikatazama beseni: sahani zilezile za mchana nilizokwisha kuziosha mimi mwenyewe. Alikuwa anaosha vyombo safi.

Nikasimama upande wa kusuuza. Yeye ananipa, mimi nasuuza, naanika.

“Mwanangu, ukitaka kwenda Kansay, nitakufungia mzigo mwenyewe na sitaandika neno.”

“Shangazi sijamkasirikia, mama.”

“Mimi nimemkasirikia.”

“Najua. Mtaa mzima unajua.” Akanipa kikombe. “Shangazi anasema anachokijua. Hajawahi kuona meza. Lakini yule aliyekuwa mlangoni na chungwa anajua. Aliniambia mwenyewe jinsi alivyosimama kwenye sinki lile mwaka mzima. Angesema neno moja tu. ‘Shangazi, hata mimi niliosha hivyo.’ Yangeisha palepale, na wangecheka tena.”

“Labda aliogopa.”

“Labda. Mimi pia niliogopa, na beseni nililiinua.”

Siku zote hizi nimekuwa nikipigana na mwanamke mwenye majivu mikononi, kumbe binti yangu alikuwa na swali kwa mtu mwingine kabisa. Nimesoma vitabu vingi, na bado nilikuwa natazama upande usio wenyewe wa ua.

Nikamwuliza kama naweza kuandika.

“Andika. Ila usimpige shangazi sana. Na Kansay siendi kufundishwa. Nikienda, nitaenda kama mke wa mtu, na nitakuta meza.”

Hilo ndilo jibu. Mshenga akirudi Jumapili atalipata hivyo, kwa heshima, na chai juu yake. Meza yangu haibomolewi, beseni halishuki, na hakuna wiki ya mafunzo. Posa ikivunjika kwa sababu binti alikataa kuinama mbele ya glasi, basi ivunjike mchana watu wakiona, tuseme ni kwa sababu hiyo, tusisingizie nyota wala ukoo.

Lakini kabla ya mshenga, nina neno kwa msomaji mmoja, na kwa wenzake wote wanaofanya kazi kwenye majiko ya lodge kuanzia hapa mpaka geti la Ngorongoro. Ninyi mnaosimama kwenye masinki mchana na kuketi kwenye makochi jioni, mkimtazama dada, mama na mchumba ameinama juu ya beseni. Mnajua. Hakuna mtu kwenye wilaya hii anayejua kuliko ninyi. Semeni nyumbani kile ambacho miili yenu imejifunza kazini. Likizo ijayo msilete tisheti zenye picha ya tembo. Leteni mfuko wa saruji.

Fabiani, najua unasoma hapa. Uliwahi kunisifia makala yangu moja, na nilifurahi.

Jumapili usimtume mzee wa watu peke yake kwenye ukungu. Njoo mwenyewe baada ya ibada, na shangazi umlete. Mpite mlango wa nyuma. Nitapika, tutakula, na vyombo vyote vitapangwa kwenye meza ya matofali bila kuoshwa na mwanamke yeyote. Sabuni ipo. Dodoki lipo. Maji nitakuwa nimeyapasha. Utakunja mikono ya shati lako na utaosha kama ulivyoosha lodge, kuanzia glasi mpaka sufuria ya pilau.

Kiti cha shangazi nitakiweka mimi mwenyewe, kando ya kichanja, mahali ambapo atakuona vizuri.