Ubeti Wenye Jina la Kadiri

Gisenyi, 4 Agosti 1957

Mdogo wangu Kadiri,

Salamu nyingi. Niwie radhi kwa kimya changu cha tangu Ramadhani. Si ugonjwa, ni hasira kwa yaliyokupata. Sisi wazima. Mama anaulizia kifua chako na hewa ya Kigoma.

Mtaa unataka kukuenzi siku ya Maulidi kwa kulisoma shairi lako la watu waliojengeshwa barabara kwa viboko, lile lililokufukuzisha nchini. Nimechaguliwa kuwa msomaji. Bwana administrata, Mbelgiji anayetutawala hapa, ametoa ruhusa kwa kuwa shairi watu wanalijua tayari, ila jina lako lisitajwe, la sivyo atakifunga chuo changu cha Kurani. Nawe, kwa ada ya watunzi, jina umeliweka katika ubeti wa mwisho. Mwenyekiti wetu wa Maulidi, Twagirimana, fundi cherehani, asema, "Mwalimu, tukate tu! Shairi iko murefu, nani atajua?" Atajua kila mtu. Wanawake huungoja ubeti huo wapige vigelegele.

Wewe wasemaje?

Kaka yako,
Faradji

Kigoma, 1 Septemba 1957

Kaka Faradji,

Shikamoo. Kifua kimetulia, mwambie Mama ninakunywa uji.

Ukate ubeti huo. Watu wasikie habari za mawe na viboko, inatosha. Chuo kikifungwa, watoto watasoma wapi? Na Mama asiambiwe.

Mdogo wako,
Kadiri

Gisenyi, 29 Septemba 1957

Mdogo wangu Kadiri,

Salamu. Nyumbani hatujambo. Barua yako imeniudhi. Ulipotakiwa kulikana shairi ulikataa, ukapandishwa lori mbele ya Mama. Leo wanitaka mimi nifanye ulichokataa? Sikukulea hivyo. Jana Twagirimana alikuja tena: "Bon, mwalimu, sema tu 'mutu fulani'!" Nilimtoa nje kabla hajamaliza chai.

Mama sikumwambia lolote la kukata. Anaalika watu. Donatha, muuza samaki wa Rubona, alimuuliza, "Mama, na sisi Wakristo tukuje?" Akajibu, "Mukuje wote! Mukisikia jina ya mutoto wangu, mupige kelele mupaka Goma."

Nikilisoma jina, watoto wa watu watakosa chuo. Nisipolisoma, Mama atakuwa ameketi mbele yangu, mkono tayari mdomoni kwa kigelegele, nami nitakunja karatasi.

Maulidi ni wiki ijayo. Usinitumie ushauri mwingine. Nikishaamua nisome hadi wapi, nitakuandikia.

Kaka yako,
Faradji